Testa, uende benki au NGO? Nalinganisha kazi ya QA pande zote mbili

Kama wewe ni testa, yaani mtu wa QA anayejaribu programu kabla hazijatoka, na una ofa mbili mkononi, moja ya benki au kampuni ya miamala ya simu na nyingine ya NGO inayotengeneza mifumo ya afya au kilimo, wengi watakuambia angalia mshahara uamue basi. Mshahara ni muhimu na nitaufikia, ila mi nimekaa pande zote mbili na naona kinachotofautisha hizi kazi kuliko hela ni hiki: bagi (kosa kwenye programu) ikitokea, nani anapiga kelele? Benki bagi inajitangaza yenyewe. Kwenye NGO bagi inakaa kimya, na sehemu kubwa ya kazi yako ni kuufuata huo ukimya mpaka ujue una nini ndani yake. Kuna mtu anafanya kazi vizuri akisukumwa na kuna mtu anafanya vizuri akiachwa atafute mwenyewe, na ukijijua wewe ni yupi hapo umeshamaliza nusu ya uamuzi.

Nianze na upande wa hela. M-Pesa ilianza Kenya 2007, Tanzania ikaja 2008, kwa hiyo mtumiaji wa leo amekua nayo, anajua kabisa meseji inatakiwa iingie ndani ya sekunde chache. Hela ikikatwa kwake na haijafika kwa mwenzake hasubiri, anapiga huduma kwa wateja hapo hapo, anaenda kwa wakala, anaposti mtandaoni, na jioni watu wa mahesabu wakilinganisha miamala wanakuta tofauti na wanakutafuta kabla hujafika nyumbani. Kwa hiyo ukiwa testa huko akili yako inajengeka kwa maswali ya aina hiyo: mtandao ukikatika katikati ya muamala na mteja akabonyeza tena, je atakatwa mara mbili? Menyu ya USSD (ile ya kupiga nyota na namba) ikijifunga kabla hajamaliza kuweka namba ya siri inakuwaje? Mwisho wa mwezi mishahara ikiingia watu wote wanatoa hela kwa wakati mmoja, mfumo utahimili? Muamala unaotoka mtandao mmoja kwenda mwingine kupitia TIPS, mfumo wa malipo ya papo hapo wa Benki Kuu ya Tanzania, upande wa pili usipojibu, hela inakaa wapi na inarudi lini? Ni kazi nzuri hiyo, inakufundisha nidhamu ambayo huipati kirahisi kwingine, na kila kosa lina thamani ya shilingi kwa hiyo hakuna bosi anayekuuliza kwa nini unataka wiki moja zaidi ya kutesti.

Sasa njoo huku kwenye NGO. Chukua mhudumu wa afya ngazi ya jamii kijijini, ana simu ya mradi, anatembelea kaya, anajaza fomu. Fomu ina kosa, labda swali la tatu halifunguki ukijibu hapana kwenye swali la pili. Unadhani atapiga simu? Mara nyingi hapigi. Anadhani kakosea yeye, au hana vocha, au namba ya msaada iko kwenye karatasi aliyopewa siku ya mafunzo na haijui iko wapi, basi anarudi kwenye daftari lake la zamani na maisha yanaendelea. Msimamizi wake anaona ripoti zimepungua anadhani mama wa watu kawa mvivu. Kule juu grafu inaonyesha wagonjwa wa nimonia wamepungua kwenye ile kata, na mtu kwenye kikao anaandika kwamba hali imeimarika. Hapo hakuna hata mmoja aliyelalamika na hakuna tiketi ya kuripoti kosa hata moja iliyofunguliwa, lakini kuna watoto wanaokosa rufaa.

Ndo maana nasema huku usikae unasubiri ripoti za bagi. Unatakiwa uwe na tabia ya kuangalia data inayoingia na kuuliza mbona huyu aliyekuwa anatuma fomu kila siku wiki hii hajatuma, mbona wilaya nzima haina mtoto hata mmoja mwenye homa mwezi wa masika, mbona watu wote uzito wao unaishia na sifuri. Benki kuna timu nzima ya kufuatilia mifumo inayofanya hivyo, huku mara nyingi timu yenyewe ni wewe.

Na vitu unavyotesti vina uzito wa aina yake. Kila testa kasoma habari ya kupima mipaka, yaani unajaribu namba iliyo kwenye mpaka, iliyo chini yake kidogo na iliyo juu yake kidogo. Kwenye kozi wanakupa mfano wa umri wa kufungua akaunti, miaka 17, 18, 19, unafanya unasonga mbele. Kwenye mifumo ya afya ya jamii mipaka inatoka kwenye miongozo ya WHO: mtoto wa miezi 2 mpaka kabla ya kutimiza miezi 12, akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika hiyo ni kupumua haraka na inaweza kuwa nimonia, lakini akishatimiza miezi 12 mpaka kabla ya miaka 5 kiwango kinashuka kuwa 40. Sasa fikiria mtoto ambaye kesho anatimiza mwaka mmoja na leo kapumua mara 45. Leo mfumo useme hana kupumua haraka, kesho namba ile ile useme anayo. Je mfumo unahesabu umri kwa siku, au unachukua mwezi wa kuzaliwa tu? Je kama mama hajui tarehe kamili na mhudumu kaweka makadirio? Je kama simu ilizima chaji ikawaka na tarehe imerudi nyuma miaka kadhaa, mfumo unamuona huyo mtoto kama hajazaliwa bado? Hilo la saa ya simu lipe uzito, sababu hesabu karibu zote zinaegemea hapo, tarehe ya kujifungua, chanjo ya penta ya wiki ya 6, 10 na 14, siku ya kumrudia mama aliyejifungua, vyote.

Au utepe wa kupima mkono wa mtoto. Kwa mtoto wa miezi 6 mpaka 59, chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, kuanzia 11.5 mpaka kabla ya 12.5 ni wa kati. Utajaribu 11.4, 11.5, 12.4, 12.5, sawa. Lakini mtu aliyewahi kwenda na wahudumu atajaribu pia 115, sababu kuna tepe zimeandikwa milimita na mtu atajaza anachokiona, na atajaribu 11,5 yenye mkato sababu kibodi ya simu imempa mkato badala ya nukta. Mfumo ukipokea 115 kimya kimya kama sentimita, yule mtoto kaandikwa mnene kuliko mtu mzima na mfumo umeridhika. Hizi ndizo bagi za huku, na huwezi kuzijua ukiwa umekaa kwenye kiti tu.

Kitu kingine kinachobadilisha kabisa namna ya kutesti ni oflaini. Upande wa miamala oflaini ni hitilafu, ikitokea unaonyesha meseji ya kosa na mteja anajaribu baadaye. Upande wa huku oflaini ndo hali ya kawaida. Chukua Community Health Toolkit, programu ya kujengea mifumo ya wahudumu wa jamii ambayo shirika la Medic linaisimamia, na ndiyo iliyotumika kujenga eCHIS ya Kenya inayotumiwa na wahudumu wa jamii nchi nzima: simu inabeba hifadhidata yake ndogo ya PouchDB, seva ina CouchDB, mtu anafanya kazi siku nzima bila mtandao halafu akifika penye mtandao vinasinki, yaani vinabadilishana data. Sasa msimamizi kabadilisha taarifa za kaya upande wa seva na mhudumu kabadilisha kaya hiyo hiyo upande wa simu, nani anashinda? Kusinki kukikatika katikati, je fomu zilizobaki zinakumbukwa au zinapotea? Mhudumu akihamishiwa kijiji kingine, data za kaya za zamani zinatoka kwenye simu yake au anaendelea kuziona? Testi za namna hii zinakula muda, unawasha unazima data, unabadilisha tarehe, unajaza nafasi ya simu kwa video mpaka igome, unafunga programu katikati ya kuhifadhi. Ukiwa na otomesheni (testi zinazojiendesha zenyewe) sehemu fulani utaifanya kwa skripti, ila nyingine lazima mkono na simu halisi, na iwe simu wanayotumia wao, ile ya bei ya chini yenye memori ndogo na kioo kilichopasuka, ukitesti kwenye emuleta (simu ya kuigiza) ya laptop yenye nguvu hujatesti kitu.

Vifaa na utaratibu nisikuchoshe. Benki utakuta Jira (programu ya kufuatilia kazi na bagi) imepangika, mazingira ya kutestia yako tofauti na ya laivu, kuna UAT (watumiaji wenyewe kujaribu mfumo kabla ya kuukubali), kuna mtu anasaini kabla toleo jipya la mfumo halijatoka usiku wa manane, kuna wakaguzi, na cheti cha utestaji cha ISTQB wanakiuliza kwenye usaili. NGO zinatofautiana mno, kubwa zina utaratibu kama huo, ndogo utakuta testa ni mmoja kwa miradi mitatu minne na huyo huyo ndo anaandika mwongozo wa mtumiaji, anaenda kutoa mafunzo wilayani na anapokea simu za msaada. Kuna watu wanaona hiyo ni kunyonywa, na wakati mwingine ni kweli, lakini mi naamini testa aliyekaa kwenye chumba cha mafunzo akaona wahudumu wote wanabonyeza kitufe kile kile kisicho sahihi anajua kitu ambacho hakuna ripoti ya kumwambia.

Haya, hela na usalama wa ajira. Hapa lazima niseme wazi maana ndo panapoumiza watu. Benki na mitandao ya simu, ukishapita kipindi cha majaribio ajira ni ya kudumu au mkataba wa miaka, bima, mkopo wa mfanyakazi wenye riba ndogo, bonasi mwaka ukienda vizuri. NGO ya kimataifa inaweza kukulipa sawa au hata zaidi ya benki, ya ndani mara nyingi inakulipa chini, lakini zote mbili zina kitu kimoja kinachofanana, mshahara wako unatoka kwenye bajeti ya mradi na mradi una tarehe ya kuisha. Utasikia watu wanasema mi niko asilimia 40 mradi huu na 60 ule, maana yake mshahara wake umegawanywa kwa wafadhili wawili na mmoja akiondoka kuna pengo la kuziba. Tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, siku chache baadaye barua za kusimamisha kazi zikaanza kufika kwenye mashirika, na ilipofika tarehe 1 Julai 2025 shirika lake la misaada, USAID, lenyewe likawa limefungwa na kilichobaki kuhamishiwa wizara ya mambo ya nje ya Marekani. Watu walioamka na kazi Jumatatu wakalala hawana, madevelopa, matesta, watu wa data, wahudumu, na mifumo mingine ikabaki inaendeshwa na watu wachache wa wizara za nchi zetu ambao hawakukabidhiwa vizuri. Anayekuambia kazi ya NGO ni ya uhakika sababu inasaidia watu hakutakii mema. Uzuri wa kazi haulipi kodi ya nyumba, na ukienda huku uende ukiwa na akiba ya miezi kadhaa na jicho la kuangalia mradi unaishia lini.

Wakati huo huo kuna faida moja ya upande huu ambayo naona haisemwi vya kutosha, nayo ni kwamba kazi yako inaweza kuonekana. Benki kila ulichofanya kimefungwa, umesaini karatasi za usiri, ukienda usaili mwingine unaeleza kwa mdomo tu. Mifumo mingi mikubwa ya huku ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa, ilianza 2004, na hospitali ya Moi kule Eldoret kupitia mpango wa AMPATH ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kabisa kuitumia, 2006, leo KenyaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa wa Kenya, imejengwa juu yake, na testi za OpenMRS zilizoandikwa kwa zana ya Playwright ziko wazi kwenye tovuti ya GitHub unaweza kuzisoma leo hii, ukaona zilivyopangwa, ukaandika ya kwako ukaituma. DHIS2 ya takwimu za afya nayo inaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda wizara za afya zinaitumia, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina watu wanaoijenga na kuifundisha miaka mingi sasa. Ukiandika ripoti nzuri ya bagi kwenye mifumo hii, yenye hatua za kuirudia na toleo na simu iliyotumika, itasomwa na watu wa Oslo, wa Kampala, wa India, watakuuliza maswali, watakukosoa, na jina lako litabaki pale. Kwa kijana ambaye hana mkubwa wa kumfundisha kazini hiyo ni shule kamili na hailipiwi ada. Hata ukiwa bado benki unaweza kuanza jioni jioni, huhitaji kuacha kazi kwanza.

Suala la data za watu nalo nilitaje japo kwa kifupi. Benki haikuruhusu kuchukua data ya laivu ukaitestia, kuna mifumo ya kuficha majina na namba. Mashirika madogo nimeona mtu anakopi hifadhidata nzima ya wagonjwa anaiweka kwenye seva ya kutestia isiyo na nywila ya maana, majina, vijiji, hali ya VVU, kila kitu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya wana ya 2019, na zote zinaziweka taarifa za afya kwenye kundi nyeti. Testa wa huku inabidi awe ndo mtu wa kukataa, atengeneze data ya kubuni yenye kaya, mimba, watoto, vifo na majina yanayofanana na ya mahali pale, na ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Ukiwa mtu wa kuogopa kumwambia bosi hapana, hili litakusumbua.

Kwa hiyo nani aende wapi? Mtu anayeanza kabisa, ana wategemezi na hana akiba, mi ningemwambia aanze benki au kampuni ya miamala, ajifunze nidhamu ya toleo, ajifunze kutesti API (njia ya mifumo kuongea yenyewe kwa yenyewe) na mzigo (watumiaji wengi kwa wakati mmoja) kwa mfumo ambao mtu anajali ukilala, akusanye akiba, na pembeni achangie programu huria. Mtu mwenye uzoefu kidogo, anayejua kujisimamia, anayependa kusafiri mpaka zahanati ya mwisho wa barabara na kukaa na mtu amtazame anavyotumia simu bila kumkatiza, huyo huku atang'aa, na kwa kweli mifumo ya huku inamhitaji sana sababu watumiaji wake hawana pa kuhamia, mteja wa benki akichoka anahama mtandao lakini mama mjamzito wa kijijini hachagui wizara itumie mfumo gani. Kuna na njia ya tatu, mashirika yasiyo ya faida ya nje yanayoajiri watu wa mbali, kama Wikimedia Foundation inayoendesha Wikipedia, bagi zao ziko wazi kwenye tovuti yao ya Phabricator na yeyote anaweza kuripoti, ila ushindani ni wa dunia nzima kwa hiyo usiweke matumaini yote hapo.

Na usichague kwa jina la taasisi, chagua kwa majibu watakayokupa kwenye usaili. Benki uliza testa ana nguvu ya kuzuia toleo au anasaini tu kilichoshaamuliwa, uliza usiku wa toleo unalipwaje, uliza otomesheni iko kiasi gani sababu kuna benki bado utabonyeza kwa mkono kesi zile zile kila mwezi mpaka usahau kufikiri. NGO uliza mradi unaisha mwezi gani na wafadhili ni wangapi, mfadhili mmoja ni hatari. Uliza nani atamiliki mfumo mradi ukiisha, wizara ina watu wa kuutunza au utazimwa. Uliza bajeti ya kwenda kuwaona watumiaji iko ya testa au ni ya meneja na wageni tu. Uliza wana simu ngapi za kutestia na ni za aina gani, wakikuonyesha simu mbili za gharama kubwa kwenye droo umeshajua hali ilivyo. Na mwisho waulize bagi ya mwisho kubwa waliijuaje. Wakikuambia kwamba kuna mtu wao aliona namba za wilaya fulani haziko sawa akapanda gari akaenda kuangalia, hapo kuna watu wanaojua kazi, saini mkataba. Wakikuambia hawajawahi kupata malalamiko yoyote kutoka kwa watumiaji, omba ukae siku moja na hao watumiaji kabla hujasaini chochote.